Nisomee Uso Wake

Darasani walimwita Ukungu, naye hakuwa na ugomvi na jina hilo, maana alikuwa amelitolea jasho. Katika kazi ile ya mtandaoni iliyounganisha darasa lao na darasa moja la ng'ambo ya mto, yeye ndiye aliyepewa kufifisha sura za watu kwenye picha. Wenzake walipojaribu walipaka doa tu juu ya uso, doa kama la chai iliyomwagika. Yeye alikaa na picha. Alianzia kwenye paji, akashuka polepole, akaziacha nywele na mabega, mpaka uso ukawa kama unaochungulia kupitia kioo cha dirisha asubuhi ya baridi. Ukiitazama picha iliyopita mikononi mwake, usingesema kuna kitu kimefutwa. Ungesema mwenye uso amependa mwenyewe kukaa nyuma ya ukungu.

Kilichochekesha ni kwamba baba yake alikuwa mpiga picha za pasipoti. Kutwa kucha kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wainue kidevu, waweke nywele nyuma ya masikio, wasicheke. "Mimi nalipwa nionyeshe masikio," alimlalamikia mkewe wakila, "huyu mwanao anafuta mpaka pua. Nyumba moja hii." Mama alijibu, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, kwamba wapo wateja wake ambao kufutiwa pua kungekuwa hisani.

Kazi yenyewe ilizaliwa na mafuriko. Mvua za mwaka ule zilijaza bonde, na mto ulipopanda ukaondoka na daraja. Watu wa bondeni walikimbilia popote palipoinuka, wengine wakajikuta ukingo huu, wengine ukingo ule. Barabara ya kuzungukia milimani nayo ilikatika. Kilichobaki kikivuka kutoka upande hadi upande ni sauti na picha, kwa kuwa minara ya simu ilikaa juu vilimani. Mwalimu wa uraia, mama mmoja mpole aliyezoea kusafisha miwani yake kila alipotaka kufikiri, akapatana na mwalimu mwenzake wa ng'ambo kwamba madarasa yao yatengeneze ukurasa mmoja mtandaoni, wa kuwakumbusha walio mbali kwamba watu wa bondeni bado wapo, bado wanalala sakafuni, bado wanahitaji magodoro na dawa.

Wakagawana kazi. Darasa la ukingo huu lilipiga picha, la ukingo ule liliandika maneno ya chini yake. Kila Ijumaa walikutana kwenye skrini, na hakuna upande uliogusa kazi ya mwenzake mpaka mikono iinuliwe pande zote mbili. Juu ya hayo palikuwa na sheria moja ambayo Mwalimu hakuichezea: hakuna sura, hakuna jina, na picha ya mwanzo ifutwe kabisa ukungu ukishakaa. Alikuwa na sababu yake. Mwaka uliotangulia picha ya mtoto mmoja aliyekuwa akipokea viatu vya msaada ilidakwa na watu wasiojulikana, wakaitia maneno ya kejeli, ikasambaa. Mtoto yule aliacha kuja shule. Mwalimu alimfuata nyumbani mara nyingi kumbembeleza, na hakuwahi kulisahau jibu alilopewa mlangoni: mtoto hataki tena kuonekana na mtu.

Maneno mengi ya ukurasa yaliandikwa na kijana mmoja wa ng'ambo, mrefu, mwenye sauti iliyokuwa ikivunjika, aliyeitwa Wakili kwa kuwa hakuwahi kukubali jambo bila kulipinga kwanza. Wakili alikuwa na kipimo chake. Nyumbani kwao alikaa bibi mmoja aliyeletwa na maji. Wazazi wake walimkuta kituo cha mabasi, ameketi juu ya ndoo, macho yake hayaoni vizuri, wakamchukua. Ofisi ya misaada ya ukingo ule iliwaambia wakae naye wakisubiri taarifa, na taarifa haikuja. Basi Wakili alikuwa akimsomea bibi huyo kila alichoandika. Bibi akinyamaza, anaandika upya. Bibi akisema "maskini", yametosha. Hilo aliwaeleza wenzake wa ukingo huu kwa kujigamba kidogo, ila jina la bibi hakulitaja hata siku moja. Sheria ni sheria.

Waliokimbilia ukingo huu waliwekwa kwenye kiwanda cha sabuni kilichofungwa siku nyingi. Mashine zilishaondolewa, lakini kuta zilikuwa bado zinanukia, na joto lilipopanda harufu ya sabuni ilishuka kutoka kwenye paa, hata watu wakawa wanataniana kwamba wao ndio wakimbizi safi kuliko wote duniani. Ukungu alikwenda huko na kishikwambi cha shule, akazunguka na wenzake wakiomba ruhusa ya kupiga picha. Wengi walikubali bila neno. Fundi cherehani mmoja, mwanamke wa makamo aliyekuwa akishona mapazia ya kugawia vyumba kwa cherehani ya kuazima, alisema wamsubiri. Akaenda bombani akanawa uso. Akafunga upya kitambaa cha kichwani. Akaketi, akanyoosha mgongo, akauliza kama picha hiyo itafika ng'ambo.

"Itafika," akasema Ukungu. "Ng'ambo na mbali zaidi."

"Basi nipige vizuri, mwanangu."

Ukungu akampiga vizuri. Masomo ya baba yalimtoka mdomoni bila kutafutwa: kidevu juu kidogo, mabega yashuke, tazama hapa. Fundi alitazama moja kwa moja kwenye jicho la kamera kama mtu anayemtazama mtu. Juu ya nyusi yake ya kushoto palikuwa na kovu dogo, jembamba, ambalo kwenye picha lilipata mwanga.

Jioni ile Ukungu aliufifisha uso huo kwa uangalifu kuliko uso wowote kabla yake, kovu likatangulia kupotea, kisha macho. Akaifuta picha ya mwanzo, kama ilivyotakiwa. Ng'ambo, Wakili aliipokea, akakaa nayo, akaandika chini yake: *Mwanamke aliyepoteza kila kitu.* Bibi aliposomewa alisema, "Maskini, mtoto wa watu. Mungu amtazame." Wakili hakubadilisha hata nukta.

Ukurasa ulipofunguliwa, Mwalimu aliona haifai watu wa kiwandani wawe wa mwisho kuuona. Wakaenda na kishikwambi, watu wakakusanyika, wakawa wanatambuana kwa nguo na kwa ndoo. Palikuwa na vicheko. Mzee mmoja alisema amejijua kwa tumbo. Fundi cherehani alisubiri zamu yake, akajipangusa mikono, akatazama. Akatazama tena.

"Mimi niko wapi hapa?"

Ukungu akamwonyesha.

Fundi hakupandisha sauti. Aliuliza tu, taratibu, kama mtu anayeuliza bei, "Nimekosa nini?"

Ukungu hakuelewa. Fundi akamwambia kwamba yeye sura zilizofunikwa hivyo aliziona kwenye taarifa za habari, na zilikuwa za watu waliokamatwa. Mwalimu akatoa miwani. Akaeleza habari ya sheria, na ya mtoto wa mwaka uliopita, na kwamba nia ilikuwa kuwalinda. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kisha akatoa kwenye mfuko wa aproni yake kichupa kidogo cheupe, bado kimefungwa, karatasi yake imeanza kuchakaa kwa kushikwashikwa.

Ni dawa ya macho, akasema. Ya mama yake. Asubuhi ile ya mafuriko alimwacha mama mlangoni kwao bondeni, upande wa pili wa daraja, akamwambia nakwenda zahanati na kurudi. Dawa aliipata. Alipogeuka kurudi, daraja halikuwepo. Aliuliza kwenye ofisi ya misaada ya ukingo huu, wakamwambia watu wa ng'ambo wana ofisi yao. Alisikia kwamba wapo waliookolewa kwa mitumbwi wakapelekwa upande ule, na mama yake kama yuko hai yuko huko, kati ya watu asiowaona vizuri. Ndiyo maana alinawa uso. Alitaka mtu yeyote wa ng'ambo anayewafahamu amwone, aseme, huyu si ndiye binti wa fulani? Kumbe yuko hai.

"Sasa huyu," akasema, akiigusa picha kwa ncha ya kidole, "atajulikana na nani?"

Ukungu alirudi nyumbani miguu mizito. Alipita dukani kwa baba kama kawaida, akaketi kwenye kigoda nyuma ya pazia ambako alizoea kufanyia kazi za shule. Upande wa pili wa pazia aliingia mteja, na kabla mteja hajaketi baba aliuliza swali lake la kila siku, lile ambalo Ukungu alilisikia tangu hajajua kusoma hata akawa halisikii tena: "Picha ya nini?"

Ya cheti, akajibu mteja. Baba akasogeza taa. Akija wa pasipoti aliisogeza kwingine, akija wa kumpelekea mchumba aliizima moja. Hakuwahi kumpiga mtu bila kuuliza.

Mteja alipoondoka baba alifungua pazia, akamkuta binti yake machozi yanamtiririka juu ya daftari la hesabu. Akauliza kama hesabu zimekuwa ngumu kiasi hicho. Ukungu akamweleza yote. Baba hakumpa mawaidha. Alivuta kigoda cha pili, akaketi, magoti yao yakagusana kwa udogo wa chumba, akauliza kama picha ya mwanzo bado ipo.

"Nimeifuta. Ndivyo tunavyofanya."

"Na uso wenyewe, upo?"

"Upo kiwandani, baba."

"Basi hujafuta kitu," akasema baba, akamfutia machozi kwa kitambaa cha kusafishia lenzi, ambacho hakumruhusu mtu yeyote kukigusa.

Ijumaa ilipofika, Ukungu, ambaye katika mikutano ile hakuwahi kusema zaidi ya "naam" na "bado", aliomba nafasi. Alisimulia habari ya fundi na kichupa chake cha dawa. Akamaliza kwa kusema kwamba walimpiga picha yule mama bila kumuuliza ni ya nini. Akaomba uso wake urudishwe ukurasani.

Ng'ambo wakainamiana, wakanong'onezana. Kisha Wakili akasogea mbele ya kamera yao. Alipinga, kama ilivyotarajiwa, lakini hakupinga kwa mzaha. Alisema sheria iliyowekwa kwa ajili ya mmoja ikivunjwa kwa ajili ya mmoja mwingine, nani atamlinda wa tatu? Alimkumbusha kila mtu yule mtoto wa viatu. Wengine wakaanza kukubaliana naye, pande zote mbili, na Ukungu akahisi moyo unashuka, kwa sababu hata yeye aliona kuna ukweli ndani yake.

Mwalimu alikuwa anasafisha miwani. Alipoivaa alisema kwamba mtoto yule hakuumizwa na kuonekana. Aliumizwa na kuonyeshwa bila kuulizwa. "Na mimi," akaongeza, "nilipoweka sheria, sikumuuliza mtu wa kiwandani hata mmoja. Niliwaamulia." Akapendekeza sheria ibaki kama ilivyo kwa kila mtu, ila mwenye uso, akiwa mtu mzima, aulizwe kwanza, na neno lake lipite la darasa.

Wakili akafikiri. Unamjua mtu anayefikiri kweli. Hata mikono yake ilitulia. Akasema, kama ni kuulizwa, basi aulizwe na maneno pia. Yale aliyoandika yeye yaondolewe, yule mama aseme ya kwake. "Amepoteza kila kitu vipi," akasema kwa sauti ya chini, "na dawa anayo mkononi?"

Wakainua mikono. Ukungu hakuhesabu, aliona tu msitu.

Siku iliyofuata baba alifunga duka, jambo alilolifanya kwa misiba tu, akabeba kamera yake na shuka jeupe la nyuma, akafuatana na binti yake kiwandani. Watu walipoona shuka likitundikwa waliuliza kama serikali imeleta pasipoti. Fundi cherehani aliketi. Safari hii hakuwa amejiandaa, kitambaa cha kichwa kimelegea na uzi mweupe umeng'ang'ania begani. Ukungu alisogea kuuondoa uzi, fundi akauzuia mkono wake. Mama akiniona bila uzi, akasema, hatanijua.

Baba akauliza swali lake. Fundi akamjibu: ya kumwambia mama kwamba nipo.

"Basi hii si ya pasipoti," akasema baba. "Cheka ukitaka."

Hakucheka, ila kitu fulani kililegea pembeni mwa mdomo, na baba akakiwahi. Kisha Ukungu akafungua kishikwambi, akamuuliza aandike nini. Fundi alianza mbali sana. Alitaja nyumba, mbuzi, majirani, alimwomba mama msamaha kwa kumwacha mlangoni, akaomba hilo la msamaha lifutwe kwa sababu mama angelia. Ukungu aliandika, akafuta, akaandika, bila haraka. Mwishoni fundi alisema yafutwe yote, yabaki haya: *Mama, dawa yako ya macho nimeichukua. Daraja ndilo lililonikawiza.*

Picha ikapanda ukurasani na maneno yake. Siku zikapita, na Ukungu akawa mtu wa kufungua ukurasa kila alipopata nafasi, hata mama yake akamwambia maziwa hayachemki yakitazamwa. Watu wengi wa mbali waliandika maneno mazuri. Aliyesubiriwa hakuandika. Fundi alipoulizwa alisema mama yake hajui kusoma vizuri, na hata angejua, kwa macho yale asingeona, labda jirani. Akarudi kwenye cherehani yake.

Ng'ambo, kwa upande wake, Wakili alikuwa amefunga mdomo. Safari hii hakuwa ameandika kitu, hivyo hakuwa na la kumsomea bibi, na ukweli ni kwamba aliona haya kidogo. Wazee wenye macho mabovu walikuwa wengi ukingo ule, hata hakumfikiria wa kwao. Bibi ndiye aliyelalamika. Akamuuliza, mbona siku hizi husomi, au mmegombana na kalamu? Basi Wakili, akiwa ameegemea mlango wa jikoni, akamsomea maneno ya mtu mwingine. Mama, dawa yako ya macho nimeichukua. Daraja ndilo lililonikawiza.

Bibi alikuwa anachambua mchele kwa vidole. Vidole vikasimama.

"Rudia."

Akarudia.

Hakusema maskini. Alisukuma ungo pembeni, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, kama mtu anayeombwa ampokee mtoto mchanga, akasema, "Niletee."

Mwalimu alikuwa ubaoni simu kutoka ng'ambo ilipolia. Alisikiliza, akatoa miwani, hakuisafisha. Akamwambia Ukungu achukue kishikwambi, wakaondoka mbiombio mpaka kiwandani, darasa zima nyuma yao bila ya kuambiwa wabaki wala wafuate. Fundi aliwaona wakija akasimama na pazia mkononi, sindano bado imo.

Ukungu akamwekea kishikwambi mbele, akakishika kwa mikono miwili. Kwenye skrini alionekana Wakili, na pembeni yake mwanamke mzee aliyeinamisha sikio badala ya jicho. Fundi akasema, "Mama."

Mzee akasogeza sikio karibu zaidi. "Mimi nilikutuma dawa," akasema. "Ukaenda kukaa."

Kiwanda chote kilicheka na kulia kwa pamoja. Fundi aliketi chini, pale pale juu ya mapazia yake. Wakaanza kuulizana, huyu anauliza yule hajajibu, mpaka mzee akataka kujua kama amekonda. Fundi akasema hata kidogo. Mzee hakumwamini. Akamshika Wakili mkono, akamsogeza karibu na skrini.

"Wewe ndiye mwenye macho. Nisomee uso wake."

Wakili, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia, alitafuta pa kuanzia. Alikuwa ameandika juu ya watu wengi wasio na sura. Akaanza kidogo kidogo. Amefunga kitambaa cha kijani, bibi. Amekonda, ndiyo, mashavuni. Macho mekundu, lakini anatabasamu. Begani ana uzi.

"Na juu ya nyusi?"

Wakili akakaza macho. Ukungu, upande wa pili wa mto, akasogeza kishikwambi dirishani ili mwanga uingie, akasema kwa sauti ya chini, kama alivyofundishwa, "Kidevu juu kidogo, mama."

"Kuna kovu," akasema Wakili. "Jembamba. Kushoto."

"Alianguka kwenye ngazi akiwa mdogo, mtundu huyu," akasema mzee, akawa anapangusa machozi kwa kiganja.

Fundi akakitoa kichupa mfukoni, akakiinua mbele ya skrini, kisha akakumbuka kwamba mama haoni, akakitikisa karibu na kipaza sauti ili amsikilizishe. Baba yake Ukungu, aliyeliona darasa likipita dukani kwake akafika akihema bila kamera, alisema anamjua dereva wa boti ya msaada inayojaribu kuvuka siku maji yakitulia, anaweza kupewa dawa aifikishe.

"Asipewe mtu," akasema mzee. "Nimengoja mpaka leo. Ailete mwenyewe."

Fundi akaitikia ndiyo mama, akakirudisha kichupa kwenye mfuko wa aproni, akaufunga kwa pini. Mikono ya Ukungu ilikuwa imeanza kutetemeka kwa uzito. Mwenzake mmoja akanong'ona ampokee kidogo. Akatikisa kichwa, akabana viwiko mbavuni, akaendelea kushika, picha isicheze.